Mizani ya Upande Mmoja

Kila msimu wa viazi ukikaribia tunatangaziwa kwamba safari hii lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, itakomeshwa. Zinatajwa faini, vinatajwa vizuizi vya barabarani, na kiongozi fulani anapigwa picha akiwa amesimama mbele ya gunia lililoshonewa kilemba. Msimu ukiisha, magunia yako vilevile, na mengine yamenenepa. Nimekaa kwenye kazi ya vipimo muda wa kutosha kuacha kushangaa. Msimamo wangu ni kwamba tunashindwa kwa sababu hatujaielewa kazi yenyewe ya kusanifisha. Tunadhani ni kuamuru vitu vifanane. Mimi nasema ni kuhakikisha kwamba watu wawili wasioaminiana, kila mmoja akipima peke yake na kwa wakati wake, wanapata jibu moja. Pasipo hilo, kilo 100 zinaweza kuandikwa kwenye kanuni, kwenye bango la sokoni na kwenye gunia lenyewe, na mkulima bado akaibiwa mchana kweupe.

Waingereza wana kitenzi kimoja wanachokibebesha mambo haya yote, standardize, na sehemu ya mkanganyiko wetu tumeirithi humo. Kwa kitenzi hichohicho mtunga mitihani huweka sharti moja kwa watahiniwa wote, mkemia huhakiki nguvu ya mmumunyo wake kabla ya kuutumia kupimia kingine, mtakwimu huziweka alama za shule mbili kwenye ngazi moja, na kiwanda hutoa chupa elfu zisizotofautiana. Sisi imetushika ile maana ya chupa. Kiswahili kina kufananisha, kusawazisha, kulinganisha, kuwianisha na kusanifisha, kila kimoja na kazi yake, lakini tukifika kwenye hotuba tunavitumia kama kitenzi kimoja. Maana ninayoitetea hapa iko karibu na ya mkemia. Yeye hahangaiki mmumunyo wake ufanane na wa mwenzake. Anaupima dhidi ya kitu kinachojulikana, ili tokeo lake liweze kuhojiwa na mkemia wa mji mwingine ambaye hajawahi kumwona.

Kitenzi hicho kilipata nguvu katika karne ya 19, karakanani, na kisa cha Joseph Whitworth kinaonyesha ninachokisema. Wakati huo kila karakana ya Uingereza ilichonga uzi wa bolti kwa namna yake, na nati ya fundi mmoja haikuingia kwenye bolti ya mwingine. Whitworth alikusanya bolti za karakana nyingi, akatafuta wastani wake, na mwaka 1841 akapendekeza mfumo mmoja: pembe ya uzi nyuzi 55, na idadi maalumu ya mizunguko kwa inchi kulingana na unene wa bolti. Wengi wakisimulia habari hii huishia hapo, kana kwamba karatasi ndiyo iliyofanya kazi. Whitworth alitengeneza pia geji, yaani vipande vya chuma vilivyochongwa kwa usahihi mkubwa, ambavyo fundi wa Manchester na fundi wa Glasgow waliweza kuingizia bolti zao na kujua hapohapo kama zimekubali au zimekataa. Hakuna aliyehitaji kumwamini Whitworth. Kila mmoja alihitaji geji tu. Wamarekani nao, kwa kumfuata William Sellers, walichagua nyuzi 60 kuanzia mwaka 1864. Mifumo yote miwili ilikuwa mizuri kwao wenyewe, ila ilipokutana kwenye Vita Kuu ya Pili bolti za washirika hao zilikataana, na ndipo mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada wakakubaliana uzi mmoja.

Turudi shambani. Chukua mkulima wa viazi mviringo Njombe, au Nyandarua upande wa Kenya ambako gunia la namna hii huitwa mukurino. Mnunuzi anafika na lori, na pamoja na lori anakuja na magunia matupu, vijana wa kufungasha, na shazia. Bei hukubaliwa kwanza, kwa gunia. Gunia hushonwa baadaye. Wizi wote umo katika mpangilio huo. Pande mbili zimekubaliana kiasi cha shilingi, kisha upande mmoja unabaki peke yake na uwezo wa kuamua shilingi hizo zinanunua nini. Vijana wanashindilia, wanatikisa, wanapanga viazi vikubwa pembeni ili viwe ukuta, wanaongeza wavu au kipande cha gunia jingine juu ya mdomo, na kilemba kinapanda. Mkulima anatazama. Viazi vimeshang'olewa, viko juani, na mnunuzi mwingine huenda asipite hadi wiki ijayo.

Tufanye hesabu kwa namba za mfano. Mkulima ana tani 13 na bei ni shilingi 60,000 kwa gunia. Kwa magunia ya kilo 100 angekuwa na magunia 130, na angeondoka na shilingi 7,800,000. Kwa lumbesa ya kilo 130 ana magunia 100, anaondoka na shilingi 6,000,000. Shilingi 1,800,000 zimeingia kwenye vilemba. Hapa mchumi wa darasani atasema soko litajirekebisha lenyewe: kama kila mtu anajua gunia ni kilo 130, bei ya gunia itapanda hadi 78,000 na hakuna aliyepunjwa. Hoja hii nimeisikia kwenye vikao vingi, kwa kawaida kutoka kwa watu wanaonunua viazi kwa kilo dukani. Ingekuwa kweli kama gunia lingekuwa na kilo 130 kila siku. Lakini leo ni 118, kesho 135, na kwa mnunuzi mwenye vijana hodari linafika 150. Mkulima hawezi kulinganisha bei ya huyu na ya yule, maana kila mmoja anataja bei ya kitu tofauti kwa jina lilelile. Bei inayotangazwa redioni kwa gunia la kilo 100, au la kilo 90 kama ilivyo desturi ya mahindi Kenya, haimfai kitu. Anaisikia, anaikumbuka, na hana njia ya kuigeuza kuwa bei ya gunia lililo mbele yake.

Kuna swali lisiloulizwa vya kutosha: kwa nini gunia lizidi kukua badala ya kutulia mahali fulani? Jibu liko njiani, baada ya shamba. Anayepakia hulipwa kwa gunia. Nauli huhesabiwa kwa gunia. Katika masoko mengi ushuru wa getini hutozwa kwa gunia, anayepakua hulipwa kwa gunia, na dalali naye huchukua chake kwa gunia, iwe Kariakoo, Wakulima Nairobi au Kongowea Mombasa. Tuseme tozo hizo zote zinafika shilingi 8,000. Mnunuzi wa tani zetu 13 anaokoa shilingi 240,000 kwa kupunguza magunia kutoka 130 hadi 100, hata kama mkulima amelipwa haki yake yote. Maana yake ni kwamba hata mnunuzi mwaminifu ana sababu ya kushona kilemba, na asiyeshona atauza kwa bei ya juu kuliko wenzake sokoni na kubaki na mzigo. Halmashauri inayotoza ushuru kwa gunia inailipa lumbesa mshahara kwa mkono mmoja, huku kwa mkono wa pili ikimtuma ofisa kuipiga faini.

La kuchekesha, kama ni la kuchekesha, ni kwamba lori hilohilo likifika barabara kuu linapimwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa jumla ya gari na mzigo, na kila ekseli ina kikomo chake. Dereva anajua uzito wa ekseli yake ya nyuma kwa kilo. Lami tumeilinda kwa mizani. Viazi vilivyomo ndani ya lori hilo vinaweza kutoka shamba la Njombe hadi kwenye sufuria ya Temeke pasipo kupimwa hata mara moja, mpaka muuza duka avigawe kilo moja moja.

Na yuko mtu wa tatu ambaye mjadala wa lumbesa humsahau, naye ndiye anayeibeba. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilisema mwanaume mtu mzima asibebeshwe kwa mikono mzigo unaozidi kilo 55 katika kazi ya kawaida. Kuli wa sokoni anabeba mara mbili ya hapo, wakati mwingine zaidi, na analipwa palepale kwa gunia. Kilemba kinapanda mgongoni kwake bure.

Wapo wanaoamini kwamba haya ni maradhi ya Kiafrika, au ya watu wasiosoma. Mwanahistoria wa Poland, Witold Kula, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu vipimo na watu, ameonyesha kwa kirefu kwamba kilemba kilikuwa silaha ya makabaila wa Ulaya kwa karne nyingi. Kabaila alipokea nafaka ya kodi kwa chombo chenye kilele, na alipouza au kukopesha aliikata kwa ubao ikawa sawa na ukingo. Chombo kilikuwa kilekile, na jina lilelile. Palipokatazwa kilele, umbo la chombo lilibadilishwa: chombo kipana kifupi hubeba kilele kikubwa kuliko chombo chembamba kirefu, hata kama ujazo wake hadi ukingoni ni mmoja. Nafaka ilimiminwa kutoka juu zaidi ili ishikamane. Ilitikiswa. Kijana yeyote wa kufungasha viazi angezitambua mbinu hizo bila kufundishwa.

Wafanyabiashara wa pwani yetu nao waliijua tofauti hiyo vizuri. Kiswahili cha zamani kina pishi ya mfuto, yaani pishi iliyofutwa juu ikalingana na mdomo, ili ijulikane wazi kwamba mapatano hayahusu pishi yenye kilele. Kibaba, kisaga na pishi vilikuwa vipimo vya ujazo, na watu waliona haja ya kutaja namna ya kujaza kwa sababu jina la chombo peke yake halikutosha. Hadi leo Mwislamu wa Pemba au Lamu anayetoa zakatulfitri huhesabu pishi moja kwa kila kichwa, vibaba vinne, na masheikh hueleza ni kilo ngapi kwa mchele. Sioni kilichopotea hapo. Kipimo cha kale kimeunganishwa na kipya, na anayetoa anaweza kujihakikishia nyumbani kwake.

Nimetaja Ulaya kwa sababu nyingine pia. Ufaransa ilipofikia mapinduzi ya mwaka 1789, madaftari ya malalamiko yaliyoandikwa kila pembe ya nchi yalidai, pamoja na mengine mengi, kipimo kimoja. Walichokitaka wakulima hao hakikuwa usasa. Walitaka bwana asiweze kubadilisha chombo. Wanasayansi Delambre na Méchain wakatumwa kupima sehemu ya mzingo wa dunia kutoka Dunkirk hadi Barcelona, na tarehe 7 Aprili 1795 mfumo wa mita ukawa sheria. Ungetegemea sherehe. Lakini sokoni watu waliendelea na vya zamani, hadi mwaka 1812 Napoléon akaruhusu vipimo mseto, kama ratili iliyofanywa gramu 500 kamili. Ni tarehe 1 Januari 1840 ndipo mita na kilo zilipokuwa lazima bila mlango wa nyuma. Miaka 45 ilipita kati ya sheria ya kwanza na utii. Katika safari hiyo ndefu, kitu ninachokipenda ni kidogo sana: mwaka 1796 na 1797 serikali ilipachika mita 16 za marumaru kwenye kuta za mitaa ya Paris, ili muuza kitambaa, mnunuzi wake na mpita njia waweze kulinganisha rula zao na ya ukutani bila kuomba ruhusa ya mtu. Mojawapo bado iko mahali pake, mtaa wa Vaugirard.

Kwetu tuna sheria nyingi na marumaru chache. Tanzania ina Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo tangu mwaka 2002. Mazao ya shamba hayaruhusiwi kufungashwa zaidi ya kilo 100. Kenya ina sheria yake ya vipimo, Sura ya 513, na kanuni za viazi za mwaka 2019 zikateremsha kikomo hadi kilo 50. Nazipongeza hizo kilo 50 kwa ajili ya mgongo wa kuli. Lakini gunia dogo linalouzwa kwa gunia, bila mizani shambani, lina ugonjwa uleule katika umbo dogo. Hakuna kinachozuia kilo 50 kuwa 65.

Ukiacha kosa la kuamuru vitu vifanane, kosa la pili ninalokutana nalo ni la upande wa pili kabisa: kwamba kusanifisha ni kuua vipimo vya mtaani, kwamba tukiwaachia watu wa vipimo watapiga marufuku sado ya nyanya, kopo la karanga, gorogoro la mahindi na fungu la dagaa. Mimi sina ugomvi na fungu. Mama anayeuza nyanya kwa fungu ameyapanga mafungu yake mezani, mnunuzi anayaona yote, anachagua, anageuza nyanya ya chini kuangalia kama imeoza, na akiona ni dogo anakwenda meza ya pili. Wote wawili wanaona kitu kilekile kwa wakati uleule kabla ya pesa kutoka. Hilo ni jaribio langu, na fungu limefaulu. Lumbesa imefeli kwa sababu inajazwa baada ya bei. Sado nayo iko sawa mradi ndoo ni ileile na mnunuzi anasimama mbele yake. Ikianza kuwekewa kitako cha uongo, hapo ndipo mkaguzi ana kazi. Mkaguzi anayehangaika na mafungu ya dagaa huku lori la vilemba likipita nyuma yake anapoteza mafuta ya serikali.

Kosa la tatu ni gumu zaidi, kwa sababu linafanywa na watu makini: kudhani kwamba tukifika kwenye kilo tumefika. Kilo ni mwanzo mzuri. Tangu tarehe 20 Mei 2019 haitegemei tena kipande cha chuma kilichofungiwa karibu na Paris. Inatokana na kigezo cha Planck, namba isiyobadilika ya maumbile. Lakini mahindi hunywa maji. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasiyozidi unyevu wa asilimia 13.5. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 lina kilo 82 tu za mahindi makavu. Likikaushwa hadi asilimia 13.5 litabaki na uzito wa kilo 94.8. Mnunuzi aliyelipia kilo 100 amenunua zaidi ya kilo tano za maji, na akiyahifadhi mahindi hivyo atavuna ukungu. Hapa anayepunjwa ni mnunuzi, na wakulima wetu si malaika: pamba iliyomwagiwa maji au kutiwa mchanga ili iwe nzito ni hadithi ya zamani katika kanda ya ziwa. Kwa hiyo bei ya haki ya mahindi ni bei ya kilo kwa unyevu uliotajwa. Kipima unyevu cha elektroniki ni ghali kwa mkulima mmoja, ila maofisa ugani wamekuwa wakifundisha njia ya chumvi: weka chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado. Si njia ya kuandikia mkataba, lakini inampa mkulima jibu lake mwenyewe kabla mnunuzi hajamletea la kwake, na hilo lina thamani kuliko semina.

Mahindi hayohayo yanatupeleka mahali ambapo nchi zetu, si watu wetu, zilishindwa kupata jibu moja. Jumuiya ina sheria ya usanifishaji, uhakiki wa ubora, vipimo na upimaji tangu mwaka 2006, na kiwango cha pamoja cha mahindi kinachosema sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Sumukuvu inaua. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipoteza watu 20. Hivyo tarehe 5 Machi 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, hakuna aliyeweza kusema hoja yenyewe ni ya kipuuzi. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti ya usajili na vyeti, baada ya malori kujipanga mpakani. Wengi walilitafsiri tukio hilo kama siasa ya kibiashara. Siasa huenda ilikuwepo. Ila kuna jambo la kiufundi chini yake ambalo lingeleta ugomvi hata kati ya ndugu.

Sumukuvu haisambai kwenye lori kama chumvi kwenye mchuzi. Ukungu unaoitengeneza hushambulia punje chache, na punje moja iliyooza inaweza kubeba sumu ya kutosha kuharibu kilo kadhaa za mahindi safi yakisagwa pamoja. Mtu akichota kikombe kimoja mlangoni mwa lori anaweza kuikosa punje hiyo. Mwenzake akichota kingine nyuma anaweza kuipata. Maabara mbili bora kabisa, zenye mashine zilizohakikiwa, zitatoa majibu mawili yanayopingana juu ya lori moja, na kila moja itakuwa imesema kweli kuhusu kikombe chake. Katika kupima sumukuvu ya nafaka, sehemu kubwa ya kosa hutokana na uchotaji wa sampuli, si mashine. Tulikubaliana namba 10. Hatukukubaliana kwa uzito uleule mzigo uchotwe mara ngapi, kutoka wapi, sampuli isagwe kiasi gani kabla ya kugawanywa, na nani abaki na sehemu ya akiba kwa ajili ya rufaa. Kikomo bila uchotaji wa pamoja ni Whitworth bila geji. Dawa yake inajulikana na haina fahari: vichoto vingi vidogo kutoka sehemu nyingi za mzigo, vichanganywe, visagwe vyote, vigawanywe mafungu matatu, muuzaji abaki na fungu, mnunuzi abaki na fungu, na la tatu lifungwe kwa lakiri kwa ajili ya maabara ya msuluhishi.

Kwa viazi, vitunguu na mahindi ya gulioni, dawa kubwa kuliko zote ni kuhamisha tozo kutoka gunia kwenda kilo. Naiweka mbele ya faini, mbele ya elimu kwa umma, mbele ya magunia mapya. Ushuru ukitozwa kwa kilo, nauli ikihesabiwa kwa kilo, na makuli wakilipwa kwa uzito wenye kikomo cha mzigo mmoja, kilemba kinapoteza faida yake ya njiani siku hiyohiyo, kwa mnunuzi mwaminifu na mdanganyifu vilevile. Korosho ni ushahidi. Mtwara na Lindi, mkulima hupeleka korosho chama cha msingi, hupimwa, huingia ghalani kwa stakabadhi, na bei ya mnada hutajwa kwa kilo. Wakulima wa korosho wana malalamiko yao, ya makato, ya malipo kuchelewa, ya mizani iliyochezewa, na mengi yana msingi. Lakini lumbesa ya korosho hakuna, na mizani iliyochezewa inaweza kukamatwa, kwa sababu kuna namba ya kubishania.

Mizani nayo ikae upande wa muuzaji, kabla ya shazia. Ghala la kijiji, ofisi ya chama cha msingi au hata kivuli cha mti penye kituo cha kukusanyia panatosha, mradi pana mizani yenye stika ya ukaguzi ya mwaka huu na jiwe la kilo 20 lililohakikiwa, lililowekwa hadharani, ambalo yeyote anaweza kulipandisha juu ya mizani kuona kama inasema 20. Hilo jiwe ndilo marumaru yetu. Gharama yake ni ndogo kuliko safari moja ya ukaguzi kutoka makao makuu. Na matangazo ya bei redioni na kwenye simu yaseme bei ya kilo, kwa unyevu uliotajwa inapokuwa nafaka, badala ya bei ya gunia ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Kizuizi cha barabarani ningekifuta kabisa. Kinamkuta dereva, mtu asiyeshona wala kuuza, kilomita nyingi kutoka kwa aliyeibiwa. Faini inayotozwa pale hairudi shambani. Inaongezwa kwenye gharama za safari, na msimu unaofuata inakatwa kwenye bei ya mkulima. Maofisa wale wale wangepelekwa kwenye vituo vya kukusanyia wakati wa mavuno, lumbesa isingefika barabarani.

Mengi ya haya hayahitaji Bunge. Viwango vya ushuru wa masoko vimo kwenye sheria ndogo za halmashauri, na kwa Kenya kwenye sheria za fedha za kaunti, na pande zote mbili mwaka wa fedha huanza Julai 1. Diwani au mwakilishi wa wadi atakayeletewa jedwali la tozo za mwaka ujao aangalie safu ya kipimo. Palipoandikwa kwa gunia, adai paandikwe kwa kilo, na asipige kura mpaka pameandikwa.